Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka: sensa ya krenki inahusikaje?

*"Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ. Nikitoka Dar kwenda Morogoro, nikishavuka Chalinze hivi, gari linazima lenyewe. Halikohoi, halipungui nguvu kwanza, ni kama mtu kageuza ufunguo. Nikipiga stata inazunguka vizuri tu, ila injini haiwaki. Nikikaa kama nusu saa nikijaribu tena, linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, na linanifikisha. Mjini halinisumbui. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya mafuta, tatizo likabaki. Wa pili akabadilisha plagi na koili mbili. Wa tatu akaweka mashine ya kupima, ikatoa namba ya kosa P0335, akasema ni sensa ya krenki lakini nibadilishe na ya kemshafti papo hapo. Wa nne anasema sensa haizimi gari, kontroli boksi ndiyo imekufa, ninunue ya mtumba. Jamaa mwingine kaniambia niichomoe hiyo sensa niendeshe bila. Nimeshachoka kutoa pesa. Hizi sensa zinafanya nini hasa, na nimsikilize nani?"*

Pole sana, ndugu yangu. Mafundi wanne wamepita kwenye gari lako, kila mmoja kashika kifaa chake, na hakuna aliyekueleza kwa nini. Swali lako lina mambo mawili ndani yake: kazi ya sensa hizi, na mahali pa kupeleka pesa inayofuata. La pili halijibiki vizuri bila la kwanza, kwa hiyo nivumilie nieleze kwanza jinsi injini inavyojua saa ya kufanya kazi yake, kisha nitawarudia mafundi wako mmoja mmoja. Ila jua mapema kwamba maelezo yako yana thamani kubwa kuliko unavyodhani. Linazima ghafla, likipoa linawaka, mjini halisumbui: dalili hizo tatu zikikaa pamoja zinapunguza sana idadi ya vitu vya kushuku, na kontroli boksi si cha kuanza nacho.

Injini yako ni ya mapigo manne. Pistoni hushuka ikivuta hewa na mafuta, hupanda ikikandamiza, husukumwa chini na moto, kisha hupanda tena kutoa moshi. Safari hizo nne huizungusha krenki, ule mhimili wa chini unaosukumwa na pistoni, mara mbili kamili. Kemshafti, ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga valvu, huzunguka mara moja tu katika muda huohuo, kwa kuwa cheni ya taimingi imeifunga na krenki kwa uwiano wa mbili kwa moja. Shika uwiano huo, maana ndio sababu ya gari kuwa na sensa mbili na si moja.

Cheche ya plagi haitakiwi kuruka pistoni ikishafika juu kabisa. Inatakiwa kuruka kabla kidogo, ili moto uwe umeshashika vizuri pistoni inapoanza kushuka. Hicho "kabla kidogo" hubadilika kila mara kulingana na kasi na mzigo wa injini. Chukua injini iliyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida tu wa barabara kuu. Mzunguko mmoja wa krenki unachukua milisekunde 20, yaani digrii moja inapita katika sehemu moja ya 18,000 ya sekunde. Koili nayo haitoi cheche hapohapo inapoamriwa. Lazima ijazwe umeme kwanza kwa milisekunde mbili au tatu hivi. Ndani ya milisekunde 3 krenki imeshazunguka digrii 54. Kompyuta ya gari, ndiyo hiyo kontroli boksi, kwa hiyo haina nafasi ya kusubiri pistoni ifike ndipo ichukue hatua. Inapaswa kujua krenki iko digrii ngapi sasa hivi na inakwenda kasi gani, ikadirie itakuwa wapi muda mfupi ujao, ianze kuijaza koili mapema na kuiachia kwa wakati. Nozeli, zile zinazopulizia mafuta, zinafunguliwa kwa hesabu hiyohiyo.

Kwenye magari ya kabureta kazi hii ya cheche ilifanywa na disitributa, kifaa kilichozungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo taimingi ilikuwa ya chuma kwa chuma. Corolla nyingi za miaka ya 90 zenye injini za 4A-FE na 5A-FE zilikuwa tayari na kompyuta, lakini sensa zake za mkao zilifichwa ndani ya disitributa hiyohiyo, ndiyo maana mafundi wengi wa enzi hizo hawakuzihesabu kama sensa. Kwenye 1NZ disitributa haipo. Kompyuta haioni pistoni wala valvu. Inachojua kuhusu mkao wa injini kinatoka kwenye sensa hizi mbili tu.

Sensa ya krenki iko chini, upande wa mikanda, imefungwa kwenye kava la cheni karibu na puli kubwa. Ndani ya kava, kwenye krenki yenyewe, kuna sahani ya chuma yenye meno. Nafasi za meno ni 36, moja kila baada ya digrii 10, lakini meno yaliyopo ni 34. Mawili yameachwa makusudi. Anayeleta uradi kwa tasbihi hahitaji kutazama ajue amerudi mwanzo, vidole vyake hugusa ile shanga kubwa ya mwisho. Pengo la meno mawili linafanya kazi hiyo kwa kompyuta. Inahesabu meno, ikikuta pengo inajua krenki imefika mahali fulani palepale pasipobadilika, na kuanzia hapo inahesabu upya.

Sensa yenyewe ni kitu rahisi kuliko bei inayotajwa madukani. Ni sumaku, kipande cha chuma, na waya mwembamba mno wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana, vyote vimefungiwa ndani ya plastiki. Kila jino linapopita mbele ya ncha yake, kwa umbali wa takriban milimita moja, uga wa sumaku unatikisika na waya unazalisha wimbi dogo la umeme. Haipewi umeme kutoka kwenye betri. Inautengeneza yenyewe, na ndiyo maana ina nyaya mbili tu za ishara. Kwenye mizunguko 3,000 kompyuta inapokea mawimbi 1,700 kila sekunde kutoka kwenye kifaa hicho. Lakini kuna jambo mafundi wengi hulisahau: nguvu ya wimbi inategemea kasi ya meno. Injini ikizungushwa na stata tu, mizunguko mia mbili hivi kwa dakika, wimbi ni dogo sana. Betri ikichoka stata inazunguka kivivu, wimbi linazidi kupungua hadi kompyuta ishindwe kuliona, na gari halitawaka ingawa sensa ni nzima. Kabla hujamhukumu mtu kwenye injini isiyowaka, pima betri kwanza. Kwako wewe stata inazunguka vizuri, kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Sasa sensa ya kemshafti. Kumbuka krenki inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mzima wa kazi. Maana yake pistoni ya silinda namba 1 inafika juu mara mbili: mara moja ikiwa inakandamiza mafuta, mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Ukitazama krenki peke yake, mara hizo mbili hazitofautiani hata kidogo. Kemshafti ndiyo inayozitofautisha, kwa kuwa inazunguka mara moja tu. Kwenye 1NZ ina meno matatu, na sensa iliyo kwenye silinda hedi inayasoma. Kompyuta ikilinganisha ishara hizo mbili inajua ni silinda ipi inayongoja cheche na ipi inayotoa moshi. Kwa injini zenye VVT-i kama yako kuna kazi ya ziada: VVT-i huisogeza kemshafti mbele au nyuma kwa presha ya oili, na kompyuta hupima imesogea digrii ngapi kwa kulinganisha sensa hizi mbili.

Kutokana na hayo utaona kwa nini kufa kwa sensa moja si sawa na kufa kwa nyingine. Ya kemshafti ikikosekana, injini nyingi zikiwa tayari zinanguruma huendelea, maana kompyuta ilishajua silinda zimepangikaje na inaendelea kuhesabu kwa krenki. Kuwasha ndiko kunakuwa kugumu, unapiga stata muda mrefu, na nguvu inapungua. Ya krenki ikikosekana, kompyuta haina tena hesabu ya kuendeshea. Inazima cheche na nozeli, na katika magari mengi inakata pia umeme wa pampu ya mafuta ndani ya sekunde chache. Hilo la pampu liliwekwa kwa usalama: injini ikisimama baada ya ajali, pampu isiendelee kumwaga petroli.

Hapo ndipo tunapowarudia mafundi wako. Wa kwanza huenda alisikiliza pampu gari likiwa limegoma, akaona iko kimya, akahukumu. Pampu kuwa kimya inaweza kuwa matokeo ya kompyuta kukosa ishara ya krenki, si pampu kufa. Wa pili pengine alichomoa plagi, akaona haina cheche, akabadilisha koili. Kwenye 1NZ kila silinda ina koili yake. Koili mbili zikifa gari litamisi na kutetemeka vibaya, lakini halizimi kama mtu kageuza ufunguo, na koili nne haziwezi kufa kwa sekunde moja halafu zikafufuka zote kwa pamoja nusu saa baadaye. Kukosa mafuta na kukosa cheche kwa wakati mmoja kunakupeleka kwenye kitu kimoja kinachotawala vyote viwili.

Huyu wa tatu amekaribia, na ninamheshimu kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kupima. Lakini namba ya P0335 haisemi "sensa imekufa". Inasema kuna tatizo katika saketi ya sensa ya krenki. Saketi ni sensa, pamoja na soketi yake, nyaya mbili zinazopanda hadi kwenye kompyuta, na mlango wa kompyuta wenyewe. Waya uliokatikia ndani ya ganda lake, soketi iliyoingia maji au oili, sahani ya meno iliyopinda, vyote vitatoa namba hiyohiyo. Na sioni sababu ya kubadilisha sensa ya kemshafti "papo hapo". Matatizo yake yana namba zake, hasa P0340, na hukutaja kwamba imetokea. Kifaa kizima kikitolewa na kuwekwa kingine cha ubora usiojulikana, umeongeza uwezekano wa tatizo jipya.

Kuhusu kontroli boksi, siwezi kuapa kwamba haiwezi kuharibika. Zipo zinazoingia maji na zinazoungua kwa sababu ya betri kuunganishwa kinyume. Ila kontroli boksi ni ya mwisho kushukiwa, baada ya sensa, nyaya, rilei (swichi za umeme) na fyuzi kupimwa na kuonekana vizima. Tena ya mtumba ina hatari yake: lazima ilingane na injini na giaboksi yako, na kama ilitoka kwenye gari lenye ufunguo wa usalama, gari lako linaweza kukataa kuwaka kabisa. Ungetoka kwenye gari linalozima Chalinze ukaingia kwenye gari lisilotoka gereji. Na kauli kwamba "sensa haizimi gari" si kweli kwa sensa hii. Sensa ya oksijeni haizimi gari; ya krenki inazima.

Huyo jamaa wa kuchomoa ninadhani alichanganya na sensa nyingine. Kuna zinazoweza kuchomolewa injini ikaendelea kwa makadirio, ingawa mafuta yatakwenda mengi. Ukichomoa ya krenki kwenye IST yako, halitawaka.

Kwa nini basi joto? Ule waya mwembamba wa shaba ndani ya sensa umeishi miaka zaidi ya 20 ukipashwa moto na kupozwa. Shaba na plastiki haviongezeki kwa kiasi kimoja vinapopata joto. Miaka ikipita, waya unapata ufa mahali fulani. Ukiwa wa baridi, ncha mbili za ufa zinagusana na ishara inapita. Sensa ikishika joto la kutosha, plastiki inatanuka, ncha zinaachana, ishara inakatika kwa ghafla. Mjini safari zako ni fupi au ni za kusimamasimama, na huenda sensa haifikii joto hilo kwa muda wa kutosha. Barabara kuu injini inafanya kazi nzito bila kupumzika. Halafu gari likishazima, hewa haipiti tena mbele wala maji hayazunguki, kwa hiyo joto chini ya boneti hupanda kidogo kwanza kabla ya kuanza kushuka. Ndiyo maana kujaribu baada ya dakika tano hakukusaidii, na nusu saa inakusaidia.

Ninaamini kwa sehemu kubwa kwamba hili ndilo linalokupata. Lakini ufa wa namna hiyo unaweza kuwa pia kwenye soketi au kwenye waya, na rilei kuu ya injini yenye risasi ya kulehemu iliyopasuka ndani nayo inaweza kufa kwa joto na kufufuka kwa baridi, ikizima kila kitu kwa pamoja vilevile. Pampu ya mafuta inayochoka kwa joto ipo pia, ila huwa na tabia tofauti: gari linaanza kukosa nguvu, linakohoa, linashindwa mlima, ndipo linazima. Wewe umesema halikohoi. Namba ya P0335 inaipa uzito saketi ya krenki kuliko rilei, lakini kupima ni bora kuliko kuamini, mimi nikiwemo.

Na hapa ndipo penye kosa la mafundi wote wanne. Inaelekea hakuna aliyeipima ishara ya krenki gari likiwa la moto na limegoma. Tatizo lako huishi nusu saa tu kwa safari, na ni ndani ya nusu saa hiyo linapoweza kukamatwa. Kwa hiyo mkubaliane na fundi umeme wa magari mwenye mashine ya kupima na multimeta, aende na gari safari ndefu pamoja nawe au aliache lingurume gereji hadi lizime. Siku hiyo usiruhusu mtu achomoe betri kabla ya kusoma, maana namba zilizohifadhiwa zitafutika, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa linatokea.

Likizima, jambo la kwanza ni mashine iachwe imechomekwa, isome mizunguko ya injini huku unapiga stata. Injini nzima itaonyesha mia na kitu hadi mia mbili na kitu. Ikionyesha sifuri huku unaisikia stata inazungusha injini, kompyuta haipati ishara ya krenki, na mjadala wa pampu na plagi umekwisha hapo. Ikionyesha namba safi na bado haiwaki, basi sensa ya krenki haina hatia siku hiyo na utafute kwingine, kuanzia na presha ya mafuta. Mshale wa dashibodi unaweza kukupa fununu, lakini kwenye mwendo mdogo wa stata mishale mingine haiamki hata gari likiwa zima, usiutegemee. Vile vifaa vidogo vya kuunganisha na simu kwa Bluetooth vinasaidia pia, ila magari ya soko la Japani ya miaka hiyo hayakubaliani na kila kifaa cha bei nafuu. Kikigoma kusoma, usidhani kompyuta yako imekufa.

Baada ya hapo fundi achomoe soketi ya sensa na apime ukinzani wake kungali moto, kisha apime tena ikipoa. Kwa sensa ya aina hii utakuta kati ya mamia kadhaa na elfu mbili na kitu za omu. Kiwango kamili kiko kwenye kitabu cha injini husika. Kinachotafutwa ni tofauti. Ikiwa ya baridi inasoma vizuri na ya moto haisomi kabisa, ufa umepatikana. Kuna jaribio jingine la zamani ambalo bado ni zuri: ufunguo ukiwa umetolewa, sensa ipozwe kwa kitambaa kilicholoa, kwa uangalifu maji yasifike kwenye altaneta, na mikono ikae mbali na feni na mikanda. Gari likiwaka dakika mbili baadaye badala ya nusu saa, huhitaji ushahidi mwingine mwingi. Lakini tahadhari kwa wenye magari mengine mnaosoma hapa: sensa zenye nyaya tatu mara nyingi si za aina hii, zina vipande vya elektroniki ndani, hazipimwi kwa omu na kipimo hicho kinaweza kuziharibu. Hizo hupimwa umeme unaoingia na ishara inayotoka.

Sensa ikisoma vizuri ikiwa ya moto, ufuatwe waya. Nyaya hizi mbili kwa kawaida zimevikwa sitara ya chuma ili kelele za umeme kutoka kwenye koili zisiingie ndani ya ishara. Mtu akiwahi kuziunga na kuzizungushia selotepu bila kuirudisha sitara, kompyuta inahesabu kelele kama meno, na gari linamisi bila mpangilio. Akizigeuza, hii iende kule na ile ije huku, sura ya wimbi inapinduka, pengo halisomeki mahali pake, na taimingi inapotea au injini haiwaki. Ulizia kama gari lako limewahi kufunguliwa upande huo, kubadilishwa sili ya krenki au cheni. Na kama una mazoea ya kuoshesha injini kwa maji ya presha, acha. Soketi hizi zina mpira wa kuzuia maji, lakini baada ya miaka 20 mpira huo umekauka.

Ikithibitika ni sensa, nunua nini? Kwa kifaa hiki sipendi mtumba. Sensa iliyotolewa kwenye injini ya Japani ya umri uleule ina waya uliopata joto la miaka ileile, na muuzaji hawezi kukuhakikishia chochote kwa kuiangalia. Mpya halisi inagharimu zaidi, lakini ni mara moja. Tatizo ni kwamba Kariakoo utaletewa boksi lenye jina la Denso ambalo halijawahi kufika kwa Denso. Nenda na sensa yako ya zamani mkononi, linganisha namba iliyochapwa, uzito, umbo la ncha na meno ya soketi, na umwombe muuzaji muipime omu hapo dukani. Ikiwa feki ina ncha fupi kwa nusu milimita tu, wimbi litakuwa dogo na gari litasumbua kuwaka asubuhi. Mtumba nitaukubali kwa kitu kimoja: soketi. Soketi iliyokatwa kwenye gari la skrepa pamoja na waya wake mrefu mara nyingi ni bora kuliko ile mpya ya bei rahisi.

Kufunga ni kazi ndogo, boliti moja. Fundi asafishe mahali pa kukaa, aupake mpira wa sensa oili safi, asipige nyundo. Atazame ncha ya sensa ya zamani: ikiwa imeshika ungaunga wa chuma, muulize unatoka wapi, maana sahani ya meno inakaa ndani ya kava la cheni pamoja na oili. Kuna magari ambayo ukibadilisha sensa ya krenki kompyuta inahitaji kufundishwa upya kwa mashine. IST ya kizazi chako kwa kawaida inawaka na kuendelea.

Kama siku moja mashine itatoa P0016, hiyo ni habari nyingine kabisa na usiruhusu ijibiwe kwa kununua sensa. Namba hiyo inasema sensa zote mbili zinaongea lakini hazikubaliani. Kwa kawaida ni cheni iliyorefuka au iliyoruka jino, tensheni iliyochoka, au VVT-i iliyokwama kwa oili chafu. Hapo sensa zinasema kweli, na kilichoharibika ni chuma. Injini za 1NZ zinazobadilishiwa oili kwa wakati hazifiki huko mapema.

Hadi hayo yapimwe, ninakuomba usifanye safari hiyo usiku, usilipite lori, na kwa heshima zote usilipeleke mlima Kitonga. Injini ikizima ukiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na msaada wa mikanyago michache tu. Usipampu breki, kanyaga mara moja kwa uthabiti, washa taa za hatari, uliachie gari litoke barabarani kwa mwendo lilio nao bado, na usiutoe ufunguo lingali linatembea, usukani unaweza kujifunga. Likianza kuzima na mjini, au muda kati ya kuzima na kuzima ukizidi kuwa mfupi, usingoje safari. Livutwe hadi kwa fundi umeme, umwonyeshe maelezo haya uliyoniandikia mimi, na umwambie kabla hajagusa spana yoyote kwamba unalipia kupima kwanza, na spea itajadiliwa baada ya kipimo.